Amani Iliyomgharimu Kiti John Adams

Twapenda leo kumkumbuka John Adams, Rais wa pili wa Marekani. Maana katika maisha yake twaona jinsi taifa changa linavyoweza kusimama katikati ya wakubwa wawili wanaogombana.

Adams alizaliwa mwaka 1735 huko Braintree, katika Massachusetts, mwana wa mkulima, akasomea sheria. Wamarekani walipokuwa wakipigania uhuru wao, alitumwa Ulaya kuwatafutia marafiki na fedha. Mwaka 1782 Waholanzi walikubali kuikopesha nchi yake, na mwaka 1783 alikuwa miongoni mwa wajumbe waliotia sahihi mapatano ya amani na Uingereza.

Alipotwaa urais mwaka 1797, Ufaransa na Uingereza zilikuwa vitani tangu mwaka 1793. Marekani ilikuwa imekwisha kupatana na Waingereza juu ya biashara, na Wafaransa kwa hasira wakawa wanakamata merikebu zake. Adams akapeleka wajumbe Paris. Huko wakadaiwa rushwa kabla ya kusikilizwa. Habari hizo zilipotangazwa mwaka 1798, nchi nzima iliwaka hasira, na wengi wakataka vita.

Adams hakuwa mwoga. Aliimarisha jeshi la majini, na manowari zake zikapigana na za Wafaransa baharini. Lakini hakuliomba Bunge kutangaza vita, wala hakujitia chini ya kivuli cha Uingereza. Mwaka 1799 aliamua kutuma wajumbe tena, ijapokuwa wakubwa wa chama chake, akiwamo Alexander Hamilton, walimpinga vikali. Mapatano yakatiwa sahihi Septemba 1800.

Hatusemi kwamba hakuwa na doa: mwaka 1798 alitia sahihi sheria ambayo kwayo wahariri waliomlaumu walifungwa. Lakini katika jambo la amani alitanguliza taifa mbele ya chama. Chama kikagawanyika, naye akashindwa katika uchaguzi wa mwaka ule ule wa 1800.

Matunda ya amani hiyo yalichumwa na mwingine. Mwaka 1803, chini ya Rais Jefferson, Ufaransa iliiuzia Marekani nchi kubwa ya Louisiana, pasipo vita.

Adams alifariki tarehe 4 Julai 1826. Katika uzee wake alitamani kaburi lake litaje jambo moja tu: kwamba alifanya amani na Ufaransa. Kiti alikipoteza, nchi yake aliiacha huru, isiyo mtumwa wa mkubwa yeyote.