Arlow Stout: Mtu aliyeuliza kwa nini ua halitoi mbegu

Msikilizaji, kama una mgomba nyuma ya nyumba unalijua jambo hili: ndizi unayokula haina mbegu ya kuotesha. Ukitaka mgomba mwingine, unang'oa chipukizi na kulipanda. Tumelizoea, wala hatuulizi kwa nini. Leo tunamtazama mtu aliyeona jambo kama hilo kwenye bustani ya mama yake, akauliza, na swali lile likamfuata karibu maisha yake yote.

Arlow Burdette Stout alizaliwa tarehe 10 Machi 1876 katika jimbo la Ohio nchini Marekani, akakulia Albion, sehemu ya mashambani katika jimbo la Wisconsin. Nyumbani kwao palikuwa na maua ya rangi ya chungwa yanayoitwa deilili. Ua lake hufunguka asubuhi na kunyauka jioni ya siku hiyohiyo. Lakini bua moja hubeba vitumba vingi, kwa hiyo leo likifa hili, kesho hufunguka jingine, na mmea huchanua kwa wiki kadhaa.

Kijana Stout aliona kitu cha ajabu. Maua yale yalichanua kwa wingi kila mwaka, nyuki na vipepeo walikuja, lakini hayakutoa mbegu hata moja. Hata hivyo yalikuwa yameenea kila mahali, kwenye nyua na kando ya barabara. Yaliwezaje?

Stout alisoma Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwaka 1911 aliajiriwa katika Bustani ya Mimea ya New York, ambako alisimamia maabara. Alikaa pale zaidi ya miaka 35, na ndipo alipolirudia swali lake la utotoni.

Kwanza aligundua kwamba deilili ile ya chungwa iliyoenea Ulaya na Marekani ilikuwa mmea mmoja tu, uliogawanywa mizizi na kupandwa tena na tena, mkono kwa mkono, kwa mamia ya miaka. Chavua yake haikuweza kuuzalisha wenyewe. Alipojaribu chavua ya aina nyingine, mara maelfu, alipata mbegu chache mno. Baadaye ilijulikana kwamba mmea ule una seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Kromosomu ni nyuzi ndogo sana zinazobeba urithi ndani ya seli. Seti zikiwa tatu haziwezi kugawanyika sawasawa, na mbegu hushindwa kuumbika. Migomba mingi ya ndizi tunazokula iko hivyohivyo.

Mtu mwingine angeishia hapo, maana jibu alikuwa amelipata. Stout aliona kazi ndiyo kwanza inaanza. Kama ua hili lilikuwa limefungwa, basi ndugu zake wa porini huenda walikuwa na nguvu, rangi na urefu ambao hakuna aliyewahi kuuona bustanini.

Nyumbani kwa deilili ni Asia ya Mashariki: China, Japani na Korea. Huko China vitumba vyake hukaushwa na kuliwa kama mboga. Mtaalamu wa mimea Albert Steward, aliyekuwa akifundisha Nanjing, alimtumia Stout mimea na mbegu za porini. Katika shehena hizo zilifika deilili zenye maua ya waridi na mekundu, na nyingine ndefu kuliko zote zilizojulikana. Hiyo ndefu ilitoka karibu na Nanjing. Mabua yake hufikia mita 1.5 hadi karibu mita 2, huchanua mwishoni mwa kiangazi wakati nyingine zimeshamaliza, na maua yake ya manjano hufunguka usiku yakiwa na harufu nzuri. Stout aliieleza kitaalamu mwaka 1942 na kuipa jina altissima, maana yake ndefu kupita zote.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, lakini ni ngumu kuivumilia. Asubuhi unachukua chavua ya ua la mmea mmoja na kuipaka kwenye ncha ya sehemu ya kike ya ua la mmea mwingine. Unafunga kibandiko kinachoonyesha baba na mama. Unasubiri tunda likauke, unatoa mbegu nyeusi, unapanda, kisha unangoja miaka 2 au 3 mpaka mche uchanue. Hapo ndipo unapochagua. Mche dhaifu unatupwa, na hata wenye ua zuri lakini bua legevu unatupwa. Stout alichavusha kwa mkono zaidi ya mara 50,000. Aina alizozitoa kwa watu zilikuwa takriban 100 tu.

Kati ya hizo, Mikado ilitoka mwaka 1929. Mwaka 1934 ikaja Theron, yenye wekundu uliokolea ambao deilili za bustani hazikuwa nao, na mwaka huohuo akachapisha kitabu kuhusu deilili. Mwaka 1951, akiwa amestaafu, ilitoka Autumn Minaret, yenye damu ya ile altissima, ikiwa na urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Wanaotafuta deilili ndefu zenye nguvu wameendelea kuitumia kama mzazi.

Msikilizaji, unaweza kuuliza: maua ya Wamarekani yananihusu nini? Kama unalima parachichi, Njombe au Murang'a, yanakuhusu. Katika miaka ya 1920 Stout alikwenda kuchunguza miparachichi ya California, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kueleza kwa kina tabia ya maua yake. Ua la parachichi hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza linafanya kazi kama jike, linafunga, kisha siku inayofuata linafunguka kama dume. Kundi A, kama Hass, huwa jike asubuhi na dume alasiri ya siku ya pili. Kundi B, kama Fuerte, huwa jike alasiri na dume asubuhi ya kesho yake. Ndiyo sababu wataalamu hushauri kuchanganya makundi haya mawili shambani na kuwatunza nyuki. Mti wa peke yake unaweza kuzaa, lakini mara nyingi huzaa vizuri zaidi ukiwa na mwenzake.

Mwaka 1950 chama cha wakuza deilili cha Marekani kilianzisha nishani yenye jina la Stout, na hadi leo ndiyo tuzo yao ya juu kwa aina bora. Yeye alifariki tarehe 12 Oktoba 1957 akiwa na umri wa miaka 81.

Ile deilili ya chungwa ya mama yake bado inachanua kando ya barabara za Marekani, na bado haitoi mbegu. Nawe ukiona kitu shambani kwako kinachokushangaza kila msimu, kiandike pamoja na tarehe. Stout alianza na swali kama hilo.