ALIIMBA GIZANI! JE, WEWE?

Kijana uliyeshika karatasi hii!

Labda umepewa hapa hapa uwanjani, labda umeiokota njiani. Labda kanisani huendi kabisa, umesimama pembeni unaangalia tu watu wanavyoimba na kupiga makofi. Moyoni unajiuliza: hivi hawa wanafurahia nini? Mimi ada imenishinda, kazi hakuna, nyumbani kuna mgonjwa. Nimsifu Mungu kwa lipi?

Swali lako ni la haki. Hebu nikusimulie habari za mwanamke mmoja aliyekuwa na kila sababu ya kununa, kisha ujijibu mwenyewe.

Jina lake Fanny Crosby. Alizaliwa tarehe 24 Machi 1820, kijijini katika jimbo la New York, Marekani. Alipokuwa na wiki sita tu macho yake yaliugua. Akaitwa mtu aliyejidai kuwa tabibu, akamkanda mtoto macho kwa dawa ya moto. Ndugu zake waliamini siku zote kwamba dawa ile ndiyo iliyomharibu. Madaktari wa siku hizi wanadhani huenda alizaliwa na shida hiyo. Vyovyote vile, mtoto alikuwa KIPOFU. Na kabla hajatimiza mwaka, baba yake akafa! Mama, mjane angali kijana, akaenda kufanya kazi za ndani kwa watu ili wapate kula. Mtoto akabaki na bibi yake, Eunice.

Alipokuwa na miaka mitano hivi mama alimpeleka mjini New York kwa daktari bingwa, Valentine Mott. Daktari akampima, akasema hakuna la kufanya. Wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Je, bibi alikaa akalia tu? Hapana! Alimfundisha mjukuu wake kuzijua ndege kwa sauti zao na maua kwa harufu yake. Akamsomea Biblia, mtoto akaishika kichwani: vitabu vitano vya Musa, Injili zote nne, Mithali na Zaburi nyingi. Alipokuwa na miaka minane alitunga shairi dogo. Ndani yake alisema ameamua kutolia kwa sababu ya upofu, maana anazo baraka nyingi ambazo wengine hawana.

Mwaka 1835 akaingia shule ya wasioona mjini New York, na baadaye akawa mwalimu hapo hapo mpaka mwaka 1858.

Sasa sikia jambo hili, kijana. Huyu dada Biblia alikuwa nayo kichwani, lakini amani moyoni HAKUWA NAYO! Mwaka 1849 kipindupindu kiliingia New York, watu wakafa kwa wingi. Fanny hakukimbia, alibaki akasaidia kuuguza wagonjwa. Lakini kifo kilipopita karibu hivyo aligundua kwamba hayuko tayari kukutana na Mungu. Mwaka uliofuata akawa anakwenda kwenye mikutano ya uamsho ya Wamethodisti. Alitoka mbele kuombewa mara ya kwanza, akarudi vile vile. Mara ya pili, vile vile. Tarehe 20 Novemba 1850 akatoka mara ya tatu, na wakati watu wakiimba akajitoa kwa Bwana kabisa. Furaha ikamjaa. Alikuwa na miaka 30.

Utasema: basi, tangu hapo mambo yakamnyookea. La! Mwaka 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mwanamuziki ambaye naye hakuona. Wakapata mtoto, mtoto akafa angali mchanga. Jeraha hilo Fanny alilizungumza kwa nadra sana maishani mwake.

Lakini kinywa chake hakikufungwa. Kuanzia mwaka 1864 akajitolea kutunga nyimbo za Injili, na mpaka anakufa alikuwa ametunga zaidi ya 8,000! Hakutajirika nazo, maana wimbo mmoja ulimpatia kama dola moja au mbili. Akaishi katika mitaa ya maskini, akawahudumia walevi na watu waliokata tamaa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1868 alihubiri gerezani, mfungwa mmoja akalia kwa sauti akimsihi Bwana asimpite. Kutokana na kilio kile Fanny akatunga wimbo ambao kwetu tunauita Usinipite. Hata wewe usiyekwenda kanisani, naamini umewahi kuusikia msibani.

Alikufa tarehe 12 Februari 1915, ukiwa umebaki mwezi mmoja na siku chache atimize miaka 95. Na macho yake je? HAYAKUFUMBUKA KAMWE.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo. Wengi wanadhani sifa ni malipo: Mungu akinipa, nitamwimbia. Soma Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo na Sila walipigwa, wakatiwa gerezani, miguu ikafungwa, na usiku wa manane wakaimba KABLA milango haijafunguka. Kwao milango ilifunguka. Kwa Fanny macho hayakufunguka, naye akaimba vile vile miaka zaidi ya 60! Kwa nini? Kwa sababu hawakuimba ili wapate kitu. Waliimba kwa sababu ya Yule waliyekuwa naye mle gizani.

Na kumsifu Mungu si kujifanya huumii. Zaburi zimejaa machozi. Lia, lakini lia ukimwelekea Yeye. Shida yako si ushahidi kwamba Mungu amekutupa. Mwana wake mwenyewe alitundikwa msalabani kwa ajili yako, kwa hiyo maumivu anayajua.

Kijana, labda leo umekuja kutafuta muujiza. Mungu anaweza, mwombe! Lakini usiuweke moyo wako rehani mpaka muujiza uje. Pombe haitakubebea mzigo huo, wala kijiwe hakitakubebea. Yesu anakuita sasa, na hali yako hiyo hiyo. Na kama umewahi kuombewa ukaona hakuna kitu, mkumbuke Fanny: alitoka mara ya tatu!

Kama uko tayari, sema kwa moyo wako wote:

Bwana Yesu, nimekuja jinsi nilivyo. Nimetenda dhambi, nisamehe. Machungu yangu unayajua. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wangu hali ikiwa njema au mbaya. Nifundishe kukusifu hata gizani. Amina.

Umeomba? Haleluya! Usiondoke kimya kimya. Mwambie aliyekupa karatasi hii, atafute nawe mahali pa kuabudu. Na usiku wa leo, kabla hujalala, hata kama taa haina mafuta na sufuria ni tupu, mwimbie Bwana wimbo mmoja.