Beryl Markham na Mkeka Wangu

Likizo iliyopita nyumbani Kahama nilimaliza bumu kubetia farasi wa kompyuta, wale wanaokimbia kwenye luninga kila baada ya dakika chache. Nikarudi chuo mweupe kabisa. Ndipo nikasoma kitabu cha Beryl Markham cha mwaka 1942.

Mama huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya mdogo, akakulia Njoro kwenye mazizi ya baba yake. Baba alifilisika, akaenda Peru. Binti akabaki kufundisha farasi wa mbio.

Anasimulia mbio za St Leger, Nairobi, 1926. Miezi michache kabla, mwenye farasi wake bora, Wrack, alimhamishia kwa mwalimu mwingine. Hakumwamini msichana. Beryl akapewa Wise Child, jike mwenye kano mbovu za miguu. Amkimbize sana, miguu iishe. Amdekeze, akose pumzi. Wengi walimpa Wrack. Akashinda Wise Child.

Mpanga odi wa uwanjani angalau huwaona farasi, akawakagua miguu, kisha akashusha au kupandisha odi kufuata hela inavyoingia. Bado hukosea. Wangu wa Kahama hawana hata kano! Mashine inachagua tu, na mimi nilijiita mchambuzi.

Mwaka 1936 Beryl alirusha ndege peke yake kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki, akaangukia kwenye tope Kanada, mzima. Baadaye akarudi kwa farasi. Alifariki Nairobi mwaka 1986.

Hela ya mwenzangu wa chumba bado nadaiwa.