Tiger Flowers, Bondia wa Zaburi

Tukitaja ndondi za Marekani, wengi wetu humkumbuka Muhammad Ali. Leo tunamleta Theodore Flowers, mzaliwa wa Camilla, mji mdogo wa jimbo la Georgia. Ulingoni aliitwa Tiger, na magazeti yakamwita Shemasi wa Georgia. Hakuwa na daraja takatifu kama tunavyolielewa sisi. Alikuwa mhudumu katika kanisa la Kimethodisti mjini Atlanta. Kabla ya pambano alisali Zaburi ya 144 (katika Vulgata ni 143), ile ya mpiganaji anayemsifu Mungu.

Tumebishana sana sisi kwa sisi kama Mkristo anaweza kupata riziki yake kwa kumpiga mwenzake ngumi. Hatukukubaliana. Ila tukimtazama Flowers, tunaona mtu mpole aliyekuwa na njia chache mno za kujikwamua.

Enzi zile, katika majimbo ya Kusini, bondia mweusi hakuruhusiwa kupigana na mzungu. Tena, tangu Jack Johnson wa Galveston, Texas, ashike ubingwa wa uzito wa juu kuanzia 1908 hadi 1915, wenye mchezo waliogopa kumpa mweusi mwingine nafasi. Flowers ikabidi afuate mapambano Kaskazini. Tarehe 26 Februari 1926, mjini New York, alimshinda Harry Greb baada ya raundi 15, akawa bingwa wa kwanza mweusi wa uzito wa kati. Agosti wakarudiana, akamshinda tena.

Kisha ikaja Chicago, tarehe 3 Desemba mwaka huohuo. Alipambana na Mickey Walker kwa raundi 10, na wengi waliokuwapo waliona Flowers ameshinda. Mwamuzi, akiwa peke yake, akampa Walker ushindi. Malalamiko yalichunguzwa, lakini uamuzi haukubadilishwa. Kwetu sisi ule ulikuwa wizi.

Hakuacha kupigana, akitafuta marudiano ambayo hakuyapata. Novemba 1927 alilazwa New York afanyiwe upasuaji mdogo wa makovu karibu na macho. Alifariki tarehe 16. Greb naye alikuwa amefariki baada ya upasuaji, mwaka mmoja tu kabla yake.

Mwili ulirudishwa Atlanta, na maelfu ya watu wakajitokeza kumuaga. Aliacha mke na binti mdogo.