Watoto wa Livingstone

Ukifika Bagamoyo, kwenye misheni ya kale ya Wakatoliki, utaonyeshwa mahali ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Utaelezwa habari za Susi na Chuma, walioubeba miezi mingi kutoka kijiji cha Chitambo. Utaelezwa habari za biashara ya utumwa na mito aliyoichora kwenye ramani. Za watoto wake ni nadra kuzisikia. Jumapili hii naomba tumtazame mtu huyu kama baba. Naandika zaidi kwa akina baba, lakini akina mama msiliweke gazeti chini.

Tuanze na baba yake mwenyewe. Neil Livingstone alikuwa mchuuzi wa majani ya chai huko Blantyre, Scotland. Alipita nyumba hadi nyumba, na pamoja na chai aligawa vijitabu vya Injili. Alifundisha shule ya Jumapili. Familia iliishi katika chumba kimoja, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na David aliingia kiwandani humo akiwa na miaka 10. Neil hakuwa baba laini. Alitaka watoto wasome vitabu vya dini, na David alipokikataa kimojawapo alichapwa. Fimbo ile siisifu hata kidogo, maana ilimfanya kijana azidi kuvichukia vitabu vya namna hiyo kwa miaka. Lakini Neil alikuwepo. Alichokiamini, watoto wake walikiona kila siku, maana katika chumba kimoja hakuna pa kujificha.

Tarehe 17 Novemba 1840, David akiwa amekwisha kuwa daktari na mmisionari, wote waliamka saa 11 alfajiri. Mama akapika kahawa. David akasoma Zaburi ya 121 na ya 135, akaomba. Kisha baba na mwana wakatoka kwa miguu hadi Glasgow, mwendo wa maili 8 hivi, kuiwahi meli. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawaagiza wazazi wawafundishe watoto imani nyumbani na hata njiani, na mimi nikiisoma humkumbuka mzee huyu muuza chai na mwanawe barabarani asubuhi ile. Hawakuonana tena. David aliporudi Uingereza mwishoni mwa 1856, Neil alikuwa amefariki mapema mwaka huohuo, na mwana alilia alipokiona kiti cha baba yake kitupu.

Sasa mtazame David mwenyewe. Mwaka 1845 alimwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat, na wakapata watoto. Mwaka 1850 aliwavusha jangwa la Kalahari mkewe akiwa mjamzito pamoja na watoto watatu. Baada ya safari hiyo alizaliwa Elizabeth, ambaye hakuishi hata miezi miwili. Mwaka uliofuata akawachukua tena, na mtoto mwingine, Oswell, akazaliwa njiani. Mama mkwe alimwandikia barua kali, na kwa maoni yangu alikuwa na haki. Aprili 1852 aliwapandisha Mary na watoto wanne meli huko Cape Town kwenda Uingereza. Wakati yeye akivuka Afrika kutoka Luanda hadi Quelimane na jina lake likivuma, wao walikuwa wakihamahama, wakiwa na upungufu wa fedha. Zilipita zaidi ya miaka minne.

Tusimhukumu kwa pupa. Aliwaandikia watoto barua, akiwahimiza wampende Kristo, ila barua za siku hizo zilichukua miezi. Na kazi aliyoifanya ilikuwa ya Mungu; kilio chake dhidi ya soko la watumwa kilisikika hadi Zanzibar likafungwa. Hapo ndipo ugumu ulipo, msomaji wangu. Baba akipotelea kilabuni, kanisa zima litamkemea. Akipotelea kwenye vikao vya kamati, semina na mikutano ya Injili, tutampigia makofi. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo sifa za kiongozi wa kanisa, aliitaja nyumba ya mtu huyo kwanza, kabla hajamkabidhi nyumba ya Mungu. Livingstone mwenyewe baadaye aliandika kwa majuto kwamba jioni alikuwa amechoka mno kwa kazi hata asiweze kucheza na watoto wake, na alipogeuka aliwakuta wamekwisha kukua.

Robert, mwanawe wa kwanza, mwaka 1863 alisafiri hadi Afrika Kusini kumtafuta baba yake aliyekuwa Zambezi. Hakumpata. Akaenda Marekani, akajiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa jina la Rupert Vincent. Alimwandikia baba yake akimweleza kwamba amebadili jina ili asiliaibishe la Livingstone. Ewe baba unayesoma, hebu usome sentensi hiyo mara ya pili. Kijana alikuwa na jina ambalo dunia nzima ililiheshimu, na akaona halimfai.

Mwaka 1872 Oswell naye alifika Bagamoyo pamoja na msafara uliotumwa kumsaidia baba yake. Stanley alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka bara na habari kwamba mzee ni mzima na amepelekewa mahitaji. Livingstone alikuwa Unyanyembe, karibu na Tabora, safari ambayo leo basi huimaliza kwa siku moja. Oswell akarudi Uingereza bila kumwona. Mzee aliumia aliposikia.

Livingstone alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, mwanzoni mwa Mei 1873. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey, London, na wanawe Thomas na Oswell walikuwepo. Robert hakuwepo. Alikuwa amefia katika gereza la mateka wa vita la Salisbury, North Carolina, Desemba 1864, kabla ya kutimiza miaka 19, na waliofia humo walizikwa pamoja kwenye mahandaki, bila majina.