Karani wa Liverpool na Reli ya Mezani

Kamukuywa haina stesheni ya reli. Kijimji hiki kimejinyoosha kandokando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale, na wakazi wake wameuzoea mngurumo wa malori na matatu kuliko honi ya garimoshi. Hata hivyo, reli zi karibu nasi pande mbili. Kusini yetu hupita njia kuu itokayo Eldoret kwenda Malaba kupitia Webuye na Bungoma. Kaskazini mashariki, mjini Kitale, huishia tawi lililochepuka kutoka njia hiyo kuu huko Leseru, nalo lilifika Kitale mwaka 1926. Mtoto wa Kamukuywa akitaka kuliona garimoshi hana budi kusafiri. Akitaka kuwa nalo, hana budi kuliunda.

Leo nimechagua kuwasimulia walimu na wanafunzi maisha ya Frank Hornby, Mwingereza aliyefariki mwaka 1936, ambaye jina lake hadi sasa limeandikwa kwenye makasha ya magarimoshi madogo ya mfano. Yamkini mtu atauliza sisi twahusikaje na vitu vya kuchezea vya Wazungu. Swali hilo nitalijibu kabla sijaiweka kalamu chini, kwani naamini jibu lake limo ndani ya mikoba ya watoto wetu kila jioni watokapo shuleni.

Hornby alizaliwa tarehe 15 Mei 1863 katika mji wa bandari wa Liverpool. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Kijana huyo aliiacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akaanza kazi ya kutunza fedha katika biashara ya babaye. Uhandisi hakuusomea hata siku moja. Mwaka 1887 alimwoa Clara Godefroy, aliyekuwa mwalimu. Baba yake alipofariki mwaka 1899 biashara ile ilifungwa, naye Hornby, akiwa mtu mzima mwenye watoto, akaajiriwa kuwa karani wa hesabu kwa David Elliott, mwagizaji wa nyama kutoka ng'ambo. Basi huyu hakuwa fundi wa reli wala tajiri. Alikuwa karani wa kawaida, wa namna tunayokutana naye katika kila mji wetu, aliyeshinda akijumlisha na kutoa hesabu za watu wengine.

Jioni, hata hivyo, alikuwa na kazi nyingine. Aliwaundia wanawe wawili, Roland na Douglas, madaraja, malori na kreni kwa vipande vya bati alivyovikata kwa mkono. Ugumu aliokabiliana nao aujua kila mtu aliyewahi kumwundia mtoto kitu. Kila chombo kilidai vipande vyake chenyewe, na kikishakamilika, vipande hivyo havikufaa kwa jambo jingine. Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo sura yake ni ndogo lakini uzito wake ni mkubwa. Vipande vyote viwe vya upana mmoja, vitobolewe matundu yaliyoachana kwa nusu inchi, visikosane hata kidogo, na vishikanishwe kwa bolti na nati. Kwa hiyo kipande kilichokuwa nguzo ya daraja leo kingeweza kuwa mkono wa kreni kesho. Mtoto hakuhitaji tena kupewa kitu kilichokamilika. Alihitaji kupewa vipande vinavyokubaliana.

Fedha za kuomba hataza hakuwa nazo, na mwajiri wake ndiye aliyemkopesha pauni 5. Maombi aliyapeleka Januari 1901, na mwezi Novemba mwaka huohuo akapewa haki yake. Ikumbukwe kwamba mwezi uliofuata, Desemba 1901, reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ufuoni mwa Ziwa Viktoria, mahali tupaitapo Kisumu. Mwaka mmoja, basi, ulishuhudia mambo mawili yasiyolingana kwa ukubwa: reli ya dola iliyogharimu maisha ya vibarua wapatao 2,500 kutoka India, na boksi la vipande vya chuma lililotosha kukaa juu ya meza ya chakula.

Elliott alimpa chumba jirani na ofisi yake na kuwa mshirika wake. Mwaka 1902 maboksi ya kwanza yaliingia madukani. Profesa Hele-Shaw, mkuu wa masomo ya uhandisi katika chuo kikuu cha Liverpool, aliviunga mkono vifaa hivyo kwa kuwa aliona ndani yake kanuni zilezile alizozifundisha darasani. Mwaka 1907 vikaitwa Meccano, mwaka 1908 ikaundwa kampuni ya jina hilo, na mwaka 1914 kiwanda kikubwa kikafunguliwa katika barabara ya Binns, papo hapo Liverpool. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia ya vitu vya kuchezea kutoka Ujerumani, Hornby aliona nafasi. Mwaka 1920 alitoa magarimoshi yake ya kwanza, yaliyoendeshwa kwa kukazwa ufunguo kama saa ya ukutani ya zamani. Hata hayo aliyafunga kwa bolti na nati, ili mtoto aweze kuyafungua na kuyaunda upya. Mwaka 1925 lilitoka la kwanza la kutumia umeme.

Lakini kazi ya Hornby iliyonivutia kuliko zote si garimoshi, ni jarida. Mwaka 1916 alianzisha Jarida la Meccano. Nia yake ya awali, tusijidanganye, ilikuwa kutangaza bidhaa. Walakini kadiri miaka ilivyosonga, kurasa zake zilijaa habari za madaraja, meli, mitambo na reli za nchi mbalimbali, pamoja na maelezo ya jinsi msomaji awezavyo kuunda hiki au kile. Watoto waliandika kueleza walichokitengeneza. Mwaka 1928 kampuni iliunda chama cha watoto wenye reli ndogo, na jaridani wakafundishwa kwamba haitoshi kulizungusha garimoshi sakafuni hadi ufunguo ulegee. Sharti liwe na ratiba, lipakie mzigo mahali fulani na kuupakua mahali pengine, na lisubiri jingine lipite kwanza.

Mafunzo hayo yalizaa ufundi wa watu wazima wenye majarida yao wenyewe. Uingereza ilikuwa na Model Railway News tangu mwaka 1925. Marekani ikapata Model Railroader mwaka 1934, lililoanzia mjini Milwaukee. Kisha Railway Modeller likatoka Uingereza mwaka 1949. Msomaji asiyeujua ufundi huu angedhani kurasa zake zimejaa mabishano juu ya garimoshi la kasi zaidi au la bei ghali zaidi. Sivyo. Kinachothaminiwa mno na mafundi hawa ni mahali. Wao huuliza: je, stesheni hii ina sababu ya kuwapo? Mzigo gani hupakiwa hapa, na nani aliyeuleta? Behewa likirudi, litarudi tupu au limejaa? Mwingereza John Ahern, aliyeanza kuunda bonde lake dogo la mfano miaka michache baada ya Hornby kufariki, alishughulika na nyumba, vichochoro na vinu vya kijiji sawa na alivyoshughulika na reli yenyewe. Kazi yake imehifadhiwa katika makumbusho ya Pendon, karibu na Oxford, na mafundi wengi hukiri kwamba yeye ndiye aliyewafunza kuiona reli kuwa sehemu ya nchi.

Jambo la pili wanalolithamini ni uchaguzi. Chukua kipimo cha 1 kwa 50. Reli zetu za zamani zina upana wa mita 1. Mezani zitakuwa na upana wa sentimita 2. Mtu wa kimo cha mita 1.7 atakuwa na sentimita 3.4. Hadi hapo hesabu ni nyepesi. Lakini kilomita 50 za reli zitadai kilomita nzima ya meza, na hakuna shule wala nyumba yenye meza hiyo. Meza ya mita 2 itabeba mita 100 tu za ardhi. Kwa hiyo fundi hana budi kuamua abakishe nini na aache nini, bila ya mahali pale kupoteza sura yake. Mwalimu wa Kiswahili ataitambua kazi hiyo mara moja, kwa kuwa ndiyo tunayoidai katika insha na katika ufupisho. Ndiyo sababu majarida hayo huzipenda sana stesheni za mwisho wa tawi la reli. Pahali padogo namna hiyo garimoshi hufika, injini hugeuzwa, mizigo hushushwa na mingine kupakiwa. Kisa kizima hukamilika juu ya meza moja. Kitale ni stesheni ya namna hiyohiyo.

Hornby hakuwa malaika. Bidhaa zake hazikuwa rahisi, na watoto wengi wa mji wake mwenyewe waliishia kuzitazama kupitia vioo vya maduka. Matangazo yake yaliwalenga wavulana, kana kwamba msichana hana mikono. Naye alitajirika sana, akaingia siasa na kuwa mbunge wa Everton kuanzia mwaka 1931 hadi 1935. Alifariki tarehe 21 Septemba 1936 akiwa na umri wa miaka 73. Kampuni yake ilikuja kununuliwa na washindani mwaka 1964, kiwanda cha Binns kikafungwa mwaka 1979, na jarida likakoma mwaka 1981. Kilichodumu ni lile wazo la vipande vinavyokubaliana, na ile desturi ya kuonyeshana kazi kwa maandishi.

Sasa nirudi kwenye mikoba ya watoto wetu. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umerudisha kazi ya mikono katika shule zetu, baada ya Sanaa na Ufundi ya mfumo wa 8-4-4 kufifia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini nini hutendeka? Mwanafunzi huagizwa kuleta mfano wa nyumba, gari au daraja kesho asubuhi. Mzazi mwenye uwezo hukimbilia dukani akanunua kilicho tayari, au yeye mwenyewe akakesha na mkasi na gundi huku mwana amelala. Mzazi asiye na uwezo hukopa, au mtoto wake huenda mikono mitupu na kuadhibika. Kisha kile kinachong'aa hupewa alama za juu. Hapo tumempima nani? Tumeupima mfuko wa mzazi, na kumfunza mtoto kwamba kazi ya mikono ni kitu kinachonunuliwa.

Lililo la kusikitisha zaidi ni kwamba watoto hao wanaoadhibika aghalabu ndio mafundi hasa. Katika vijiji vya Bungoma na Trans Nzoia, vizazi kwa vizazi, watoto wameunda magari ya waya yenye usukani mrefu, magurudumu yakikatwa kutoka kandambili kuukuu au vifuniko vya mikebe. Mtoto aupindaye waya mpaka gurudumu la mbele likatii usukani amekwisha kutatua tatizo la uhandisi. Alichokosa ni mwalimu wa kumwuliza amefanyaje, na ukurasa wa kulieleza jambo hilo.

Pendekezo langu ni jepesi, na halihitaji kibali cha wizara. Kwanza, kazi hizi zifanywe darasani mchana kweupe, mwalimu akiziona, ili kisiwepo cha kununuliwa. Pili, kila darasa liwe na kasha moja la vipande vya pamoja: katoni na mabati ya mikebe yaliyonyooshwa na kutobolewa matundu kwa nafasi iliyo sawa, pamoja na waya na parafujo. Mabati makali yakatwe na mwalimu, na kingo zake zikunjwe ili zisiwajeruhi watoto. Vipande vikubaliane, na kazi ikishatazamwa ifunguliwe virudi kashani, wavulana na wasichana kwa zamu. Tatu, liwepo gazeti la ukutani ambamo kila kundi litaeleza liliunda nini, liliacha nini, na kwa sababu gani. Alama zitolewe kwa maelezo hayo na kwa kazi iliyoonekana ikifanyika, wala si kwa mng'aro wa rangi.

Na ikiwa mwalimu atauliza aanze na nini, ningemshauri aanze na stesheni ya Kitale kwa kipimo cha 1 kwa 50. Wanafunzi wa Jiografia waulize ni mazao gani hutoka Trans Nzoia na huenda wapi. Jibu la mahindi litawafungulia mlango. Wa Hisabati wapime. Wa Historia waulize ni nani walioletewa reli ile mwaka 1926, na ni nani waliokuwa wakilima ardhi ile kabla yake. Wa Kiswahili waandike. Juu ya meza moja watakuwa wameisoma nchi yao kwa namna ambayo kitabu pekee hakiwezi kuwasomesha.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Karani mmoja asiyekuwa na elimu ya uhandisi alianza na bati, mkasi na watoto wawili. Mabati tunayo, na watoto tunao wengi. Kilichobaki ni sisi walimu na wazazi kuiondoa mikono yetu kwenye kazi yao, na kuyafungua masikio yetu watuelezee walivyoifanya.