Beryl Markham, rubani aliyempelekea mgonjwa oksijeni

Fundi pikipiki yeyote wa Gerezani atakuambia kwamba tangi la mafuta lina tundu dogo la kupitisha hewa. Likiziba, mafuta hayashuki na injini inazima ingawa tangi limejaa. Tundu kama hilo nusura limuue Beryl Markham, na mwanao ana linalofanana nalo sikioni.

Beryl alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa na miaka minne hivi. Alikulia Njoro, kwenye shamba la baba yake aliyefundisha farasi wa mashindano, akicheza na watoto wa wenyeji na kuzungumza Kiswahili. Alianza kwa kazi ya farasi, kisha akajifunza urubani. Akawa anapeleka barua, abiria na dawa kwenye mashamba na migodi ya mbali.

Mwaka 1935 aliletewa ujumbe usiku. Huku kwetu Nungwe, kando ya Ziwa Victoria, mchimba dhahabu alikuwa taabani kwa ugonjwa wa mapafu. Beryl alipakia mtungi wa oksijeni Nairobi, akaruka peke yake gizani kwa ndege isiyo na paa juu ya rubani.

Septemba 1936 aliondoka Uingereza kuvuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi. Baada ya saa 20 na zaidi, injini ilianza kuzima. Mwenyewe alieleza kwamba barafu iliziba njia ya hewa ya tangi la mwisho. Aliangukia kwenye tope huko Nova Scotia, Kanada, akatoka hai na jeraha kichwani. Alifariki Nairobi mwaka 1986.

Leo ndege haziachiwi barafu hivyo. Nyingi za injini za jeti hupasha moto mbawa kwa hewa ya moto kutoka kwenye injini. Ndege za mapanga kama zile za Air Tanzania aina ya Dash 8 zina mipira kwenye kingo za mbele za mbawa, inayojaa upepo na kuvunja barafu. Mafundi hukagua mifumo hiyo, pamoja na ule unaoleta hewa na joto kwa abiria.

Hata hivyo, hewa hiyo si sawa na ya Dar es Salaam. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mlima wenye mita 1,800 hadi 2,400. Mtu mzima mwenye afya haoni tofauti. Mwenye nimonia, upungufu mkubwa wa damu, selimundu au ugonjwa wa moyo anaweza kuzidiwa. Muone daktari kabla ya kukata tiketi. Kama mgonjwa anahitaji oksijeni, lijulishe shirika la ndege mapema. Barakoa zinazoshuka kutoka darini ni za dharura ya dakika chache, wala si za kumtunza mgonjwa safari nzima.

Sasa turudi kwenye lile tundu. Mrija mwembamba unaunganisha sikio la kati na nyuma ya pua. Ndege inaposhuka, lazima ufunguke ili hewa iingie. Mtoto akiwa na mafua, mrija huvimba na kuziba, ndiyo maana hulia kwa maumivu. Mnyonyeshe wakati wa kushuka, au mpe maji ya kunywa kidogo kidogo. Mkubwa kidogo mpe kitu cha kutafuna. Usimwache alale wakati huo, kwani aliyelala hamezi mate mara kwa mara. Kama sikio linauma au linatoa usaha, apimwe kwanza, na ikibidi ahirisha safari.

Beryl hakuwa na namna ya kulizibua tundu lake akiwa juu ya bahari. Wewe la mwanao unaweza kulishughulikia ukiwa bado nyumbani.